Kona ya Bibi Fundi: "Ni ile ile, ila imeendelezwa na wengine"

SWALI: Shikamoo Bibi Fundi. Nina duka la dawa Ngamiani, Tanga. Mfumo wetu wa mauzo tuliwekewa zamani na fundi ambaye sasa ni marehemu, uko kwenye kompyuta ya Windows XP. Data zote zimo kwenye faili moja linaloishia na .gdb. Asubuhi tukiwasha, mteja wa kwanza husimama mpaka akachoka, kisha mchana kutwa mambo yanakwenda. Kijana niliyemwita anasema hiyo ni InterBase 6, programu ya kuhifadhi data, wenyewe waliitelekeza, na anataka kutuhamishia kwenye Firebird, ambayo "ni ile ile, ila imeendelezwa na wengine". Mimi kwenye dawa nikiambiwa hivyo, naomba kwanza namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa. Hii si feki? – Mwenye duka, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo ya TMDA imenichekesha, lakini umeuliza panapostahili.

Si feki. InterBase ni kazi ya Jim Starkey, ilianzia Massachusetts, Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Ile "g" ya .gdb ni ya Groton, kutokana na jina la kampuni yake ya kwanza, Groton Database Systems. Baadaye ikaangukia kwa Borland. Mwishoni mwa 1999 Borland, wakati huo ikijiita Inprise, ilikuwa imeichoka, na wakubwa wa kitengo hicho wakaondoka. Kukawa na mpango wa kuanzisha kampuni mpya ya kuilea, ukavunjika. Ila Julai 2000 msimbo wa toleo la 6, yaani maandishi ambayo programu imeundwa nayo, ulitolewa hadharani kwa leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuugawa. Haikupita wiki, watu wakachukua nakala na kuanza safari yao. Mafundi tunaita hiyo foki: njia moja inagawanyika, kila upande unakwenda zake. Ndiyo Firebird.

Ann Harrison, aliyekuwa aongoze ile kampuni iliyokufa kabla ya kuzaliwa, hakurudi nyumbani kulala. Yeye na wenzake, Paul Beach akiwemo, waliunda IBPhoenix, inayoishi kwa kuuza huduma na ushauri wa Firebird. Msimbo si mali yao peke yao, na mimi hapo ndipo ninapopata usingizi: wakifunga ofisi kesho, msimbo unabaki. Toleo la 1.0 lilitoka 2002, la 5.0 Januari 2024.

Kijana wako umsahihishe kidogo. Borland ilibadili mawazo ikarudi kuuza InterBase yenye msimbo uliofungwa, na hadi leo inauzwa, na kampuni ya Embarcadero. Kilichotelekezwa ni lile toleo huria mlilonalo nyinyi.

Na lina jambo la kukutoa jasho. Msimbo ulipofunguliwa, wale wa Firebird walianza kuusoma mstari kwa mstari. Januari 2001 ikatangazwa kwamba ndani yake kulikuwa na mlango wa uani: ukiingia kwa jina "politically" na neno la siri "correct", unafunguliwa kila kitu. Ulikuwemo tangu matoleo ya 4, miaka yote ambayo msimbo ulikuwa siri ya kampuni. Firebird zenyewe za mwanzo kabisa ziliurithi, kisha ukazibwa. Kama seva yako, yaani ile InterBase inayohudumia data zenu, ni 6.0 ya mwanzo na haikuguswa tena, mlango huo bado uko wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao wenu na kuifikia poti 3050, namba ambayo seva hiyo hupokelea wageni.

Tena mwambie kijana ajaribu kuingia kwa SYSDBA, jina la msimamizi mkuu, na "masterkey", neno la siri linalokuja na programu. Wengi hawalibadilishi. Akiandika "masterke" tu, bila y, atapokelewa pia, maana matoleo hayo husoma herufi nane za kwanza basi.

Sasa yule mteja wako wa asubuhi. Windows XP ina kazi ya kujiwekea nakala za mafaili ya mfumo, na katika orodha yake imo .gdb. Faili lako likifunguliwa mara ya kwanza, Windows inalinakili kwanza, zima. Ndiyo maana watu wa Firebird walihamia .fdb. Kwa hiyo hata kubadilisha jina la faili, na kulitaja upya kwenye mipangilio ya mfumo, kunaweza kumwokoa mteja wako.

Kuhama kwenyewe: asikopi faili na kulipachika kwenye seva mpya. Atoe bakapu kwa gbak, kifaa cha bakapu kinachokuja na programu hizi, akiwa kwenye seva ya zamani, kisha airejeshe kwenye Firebird katika kompyuta nyingine. Programu ya marehemu itatafuta gds32.dll, faili inalopitia kuzungumza na seva; wakati wa kusakinisha kuna kisanduku cha kuiwekea Firebird jina hilo, akiweke tiki.

Airejeshe, nasema. Mwaka 2006, kwenye hospitali moja niliyokuwa nikiihudumia, tulichoma bakapu kwenye CD kila Ijumaa, tukaziandika tarehe kwa kalamu nyekundu, tukazipanga kabatini kama vitabu. Diski ilipokufa tukazifungua. Kila moja ilikuwa na faili lenye jina sahihi na ukubwa wa sifuri. Wauguzi waliandika upya kadi za wagonjwa kwa mkono, miezi miwili, na mimi nikiwa nimekaa nao meza moja.

Basi, wewe mwenyewe, si kijana, chukua vitabu vya risiti vya siku tatu: moja ya mwaka huu, moja ya katikati, moja ya mwanzo kabisa. Linganisha na kompyuta mpya, dawa kwa dawa, hadi baki ya stoo. Zikikaa sawa, mfungie duka Jumapili moja ahamishe. Ile XP usiiuze wala usiifute mpaka ufunge hesabu za mwaka.