Nira ya ng'ombe haimfai punda wa mkokoteni

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mvumi, Chamwino. Nataka kununua punda dume anivutie maji kutoka kisimani, kilomita tatu, pipa moja la lita 200 kwa safari. Muuzaji anasema punda ana miaka mitatu na nusu na anaweza kuanza kazi kesho. Fundi ananichongea nira kama ya ng'ombe ila ndogo. Jirani yangu anatumia ya namna hiyo, na punda wake ana kidonda juu ya shingo kisichopona. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Anza kwa kumsimamisha fundi. Nira hiyo ndiyo iliyomtia punda wa jirani kidonda, na huyo wako itamchuna vilevile. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo nene. Punda hana nundu, na juu ya shingo yake hakuna nyama ya kutosha kubeba mti unaosuguasugua kutwa nzima. Nguvu yake iko kifuani na mabegani, kwa hiyo mzigo uvutwe kutoka huko.

Fedha ya nira nunulia mkanda wa kifua, tandiko la mgongoni na mkanda wa nyuma ya mapaja. Mkanda wa kifua uwe wa turubai nene au ngozi, upana wa sentimita 8 hadi 10, na ndani ushonewe blanketi kuukuu lililo safi. Usitumie mpira wa tyubu wala kiroba cha plastiki: havinyonyi jasho, na ngozi iliyolowa jasho huchubuka upesi. Mkanda ukae juu kidogo ya pale kiungo cha bega kinapotokeza mbele, lakini chini ya koo, na kiganja chako kipite kwa ubapa kati yake na mwili. Kisha angalia kamba za kuvutia zinafungwa wapi. Ziende moja kwa moja kutoka kifuani hadi chini kwenye mkokoteni, karibu na usawa wa ekseli. Zikifungwa juu, punda akivuta tu mkanda unapanda kooni, pumzi inabana, anasimama. Hapo ndipo watu huanza kumchapa wakidhani ni ubishi.

Tandiko liwe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pabaki nafasi ili mfupa usiguswe na kitu. Hilo ndilo linalobeba mikono ya mkokoteni. Ukishapakia, inua ncha za mikono hiyo kwa mkono wako: zikikulemea, sogeza mzigo nyuma, zikitaka kupaa zenyewe, usogeze mbele, la sivyo mkanda wa tumboni utamnyanyua. Mkanda wa nyuma ya mapaja wengi huuacha. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni humgonga punda miguu ya nyuma, naye ataanza kukimbia au kukataa kushuka.

Sasa pipa. Chukua tepe ya fundi cherehani umzungushe punda kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Akiwa na sentimita 110 ana uzito wa kama kilo 115. Akiwa na 120 anakaribia kilo 150. Kwenye barabara ngumu na tambarare, mzigo na mkokoteni kwa pamoja visizidi mara mbili ya uzito wake. Tuseme ana kilo 130: kikomo chake ni 260. Maji ya lita 200 ni kilo 200, ongeza pipa lenyewe, ongeza mkokoteni wenye kilo 60 au zaidi, umeshapita. Kwenye mchanga wa korongo kata hesabu hiyo nusu. Mimi ningeacha pipa nikatumia madumu ya lita 20, manane kwenye njia ngumu na matatu palipo na mchanga mwingi. Madumu yanapangika vizuri juu ya ekseli, wakati pipa lisilojaa huyumbisha maji mbele na nyuma, na kila msukosuko unamfikia punda. Kama lazima lita 200, funga punda wawili. Wawili pia hutulia zaidi, kwa kuwa punda wa peke yake huhangaika.

Kuhusu umri, usiamini mdomo wa muuzaji, fungua wa punda. Tazama meno sita ya mbele ya chini. Ya utoto ni madogo na meupe. Ya ukubwani ni makubwa na ya manjano kidogo. Jozi ya kati hubadilika kwenye miaka miwili na nusu, inayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Kwa hiyo huyu wa muuzaji awe na manne makubwa na mawili ya utoto pembeni. Akiwa hivyo, unaweza kumfundisha, lakini mzigo kamili usubiri atimize miaka minne. Mwone pia akitembea kwenye ardhi ngumu, inua kila mguu uone kwato, na pitisha mkono shingoni na mgongoni. Manyoya meupe yaliyoota mahali pa kidonda cha zamani yanakueleza alikuwa akifungwaje. Dume asiyehasiwa ni msumbufu kwenye mkokoteni. Ahasiwe na daktari wa mifugo kwa upasuaji, apate na kinga ya pepopunda, kwani punda hutoka damu nyingi na pepopunda humpata kwa urahisi.

"Kesho" sahau. Fundisha dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Kwanza azoee hatamu na kuongozwa. Akipiga hatua moja, legeza kamba papo hapo, maana kulegea huko ndiko kunakomfundisha. Kisha avae mikanda bila mzigo, halafu avute tairi kuukuu ardhini azoee sauti ya kitu kinachomfuata nyuma, ndipo mkokoteni mtupu, ndipo dumu mojamoja. Punda akiogopa huganda. Mwache atazame kinachomtisha. Fimbo hapo inamthibitishia kwamba kweli pana hatari.

Chakula chake kikuu ni nyasi kavu na mabua ya mtama au uwele, kilo 2 hadi 3 kwa siku kwa mwenye kilo 130. Kilichoota ukungu usimpe. Mpe chumvi ya kulamba, na anywe maji kabla na baada ya kazi; inasikitisha punda kushinda na kiu huku anabeba maji. Mjengee paa kwa ajili ya masika, manyoya yake hayazuii mvua.

Mambo mawili huua kimyakimya. Josho lenye amitraz, dawa ya kuua kupe iliyo nzuri kwa ng'ombe, husimamisha utumbo wa punda. Na chakula cha kuku chenye dawa ya monensin huharibu moyo wake hata kwa kiasi kidogo. Punda aliyegoma kula siku nzima asisubiri kesho, mafuta ya mwilini huanza kujaa kwenye damu, mwite daktari.

Punda wa jirani apumzishwe kabisa hadi ngozi ifunge. Aoshwe kidonda mara mbili kwa siku kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Oili chafu na maji ya betri yasiguse hapo.

Unaponunua, iwe mnada wa Msalato au nyumbani kwa mtu, dai hati ya mauziano na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo. Biashara ya ngozi imechochea wizi wa punda katika nchi nyingi za Afrika, hata Umoja wa Afrika ukaipiga marufuku Februari 2024. Asiye na karatasi, mwache na punda wake.