Jibu: Kwa nini picha za dagaa na vitenge zinafifia ukizipandisha mtandaoni

Mkuu, umeuliza kwa nini picha zako za dagaa wa Kibirizi na za vitenge vya Ujiji, huko Kigoma, zinaonekana safi kwenye kompyuta, lakini zikifika Instagram zinafifia, na ulishazinoa, yaani ulishaongeza ukali wa kingo (sharpen). Shida ni mpangilio wa hatua. Unanoa kwanza, kisha picha inapunguzwa ukubwa. Inatakiwa kinyume chake.

Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya upana wa pikseli 6000. Instagram inaionyesha kwa upana wa pikseli 1080. Kila pikseli inayobaki ni wastani wa pikseli kama 31 za mwanzo, kwa hiyo ule ukali mwembamba uliouweka kwenye mgongo wa dagaa unamezwa wote. Punguza mwenyewe hadi 1080, ndipo unoe.

Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tumia Unsharp Mask. Inatengeneza nakala yenye ukungu, inailinganisha na picha halisi, halafu inaongeza tofauti iliyopo kwenye kingo. Kipimo kinachowaponza wengi ni nusu kipenyo (Radius), yaani upana wa eneo linaloguswa kuzunguka kila ukingo. GIMP inakufungulia na 3, na kwa picha ndogo ya mtandaoni hiyo ni kubwa mno: mtumbwi unazungukwa na mstari mweupe pale unapokutana na anga, na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inakuwa kama imekatwa kwa mkasi. Anza na 0.6, kiasi (Amount, yaani nguvu ya kunoa) kiwe 0.5, kisha ongeza kiasi kidogo kidogo ukitazama picha kwa asilimia 100. Ukitazama kwa asilimia 50 au 33 utadanganyika, maana hapo programu inakuonyesha picha iliyopunguzwa tena.

Dagaa waliotandazwa kwenye chanja wanahitaji mkono mwepesi kuliko unavyodhani. Wana kingo nyingi ndogondogo zinazometameta juani. Ukizidisha, kila samaki anageuka kidoti cheupe na umbo linapotea. Kiasi cha 0.3 mara nyingi kinatosha. Picha za usiku za taa za wavuvi ni habari nyingine. ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa juu, giza lote lina chengachenga, na kunoa kunazikuza hizo chengachenga. Rudufu tabaka (layer), noa nakala ya juu, iwekee kinyago (mask) cheusi kinachoificha, halafu paka rangi nyeupe kwenye mtumbwi na watu tu. Maji na anga viache. Ukiwa hapo, badili hali (mode) ya tabaka hilo iwe ya mwangaza pekee, ili kingo zisiote rangi za ajabu.

Kwa vitenge kuna jambo ambalo kunoa hakuwezi kulitibu. JPEG, aina ya faili inayobana picha, kwa kawaida huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwangaza, hivyo ua jekundu kwenye kitambaa cha buluu linavuja pembeni hata kama uzi unaonekana vizuri. Wakati wa kuhifadhi, fungua mipangilio ya ziada uchague 4:4:4, yaani rangi zihifadhiwe bila kupunguzwa, ubora uwe 90. Hakikisha pia picha iko kwenye sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, la sivyo rangi zinaweza kupauka kwenye simu ya mteja. Mtandao wenyewe utaibana tena, ndiyo, lakini picha iliyoingia safi inatoka na madhara machache. WhatsApp ndiyo inayobana vibaya; mteja akitaka kuona mshono, mtumie kama dokumenti.

Kama huna kompyuta, Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, inafaa, ila ujue kwamba inapunguza ukubwa pale unapohamisha picha (export), yaani baada ya kunoa. Kwa hiyo weka kikomo cha ukubwa kwenye mipangilio, hamisha picha bila kunoa, fungua ile nakala ndogo, ndipo uguse kipengele cha kunoa. Kile cha muundo (Structure) kilicho pembeni yake kiache kwenye sifuri kwa picha za watu, kinachimba kila kinyweleo usoni.