Mtoto kakatwa kinyama cha kupima uvimbe, sasa wanataka kipimo cha protini: mnaliwa hela?

Dada, pole sana. Umesema mtoto wa miaka 4 alichukuliwa kinyama kwenye uvimbe wa tumbo, majibu yakaja "uvimbe wa seli ndogo za duara za bluu", na sasa daktari anataka kipimo kingine cha protini, hela nyingine. Shemeji anaona mnaliwa. Mimi niko maabara ya patholojia mwaka wa 11 huu, kazi yangu ni kukata nta na kupaka slaidi rangi. Hamliwi hela.

Majibu mliyopewa si jina la ugonjwa, ni sura yake tu. Kwa rangi za kawaida, saratani za watoto kama limfoma ya Burkitt, Wilms ya figo, niuroblastoma, Ewing na rabdomayosarkoma zinaweza kufanana kama punje za ulezi kwenye ungo mmoja, hata bingwa akakwama. Tiba ndiyo hazifanani. Burkitt tiba yake kuu ni kemo, si kisu. Wilms, figo yenye uvimbe hutolewa.

Kwa hiyo tunarudi kwenye bloku ileile ya nta, yaani kinyama cha mtoto kilichogandishwa ndani ya nta, tunakata vipande vyembamba, kila kimoja tunakiwekea kingamwili inayotafuta protini moja tu. Ikiikuta inaing'ang'ania, na hapo panageuka kahawia. Protini za desmini na mayojenini zikitokea, seli zina asili ya msuli, hiyo ni rabdomayosarkoma. PHOX2B inaelekeza kwenye niuroblastoma. CD20 na CD10 pamoja, halafu Ki-67, protini ya seli zinazogawanyika, kwenye karibu kila seli, tunawaza Burkitt, na hapo simu inapigwa wodini siku hiyohiyo, maana uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku 1 au 2. Shemeji akiuliza kwa nini protini nne tano na si moja, mwambie CD99 hutokea kwenye Ewing, lakini hutokea pia kwenye limfoma ya limfoblasti. Moja peke yake inadanganya.

Kuna moja inasomwa kinyume, INI1. Protini hii ipo kwenye kiini cha seli zenye afya za mwili. Kwenye uvimbe wa rabdoidi, ambao si ile rabdomayosarkoma na ni mkali mno, hupotea. Kwa hiyo tunatafuta pasipo na rangi. Tuliwahi kupokea kinyama cha figo cha mtoto wa miaka 2 kutoka hospitali moja ya mkoani, kimesafiri kwa basi usiku kucha ndani ya glovu, kikavu, bila fomalini, dawa ya kukihifadhi kisiharibike. INI1 ikatoka nyeupe. Mwenzangu mgeni alishaanza kuandika rabdoidi. Bingwa wetu akamwambia atazame mishipa ya damu iliyo katikati ya uvimbe, seli zake zina afya, lazima ziwe kahawia. Nazo zilikuwa nyeupe. Protini zilikuwa zimeharibika njiani, kipimo hakikusema chochote. Mtoto akakatwa tena, na wiki mbili zikawa zimepotea. Safari hii mishipa kahawia, uvimbe nao kahawia. Ilikuwa Wilms. Mpaka leo nikipokea kopo naangalia fomalini kabla ya jina.

Kwa hiyo dada, uliza kinyama cha mtoto kiliwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 mara tu kilipotoka, na kama ilikizidi ujazo angalau mara 10. Kama ndiyo, mara nyingi hakuna haja ya kumkata tena, bloku iliyopo inatosha. Kama hospitali yenu haina kingamwili hizo, omba bloku, slaidi na nakala ya majibu mpeleke kwenye maabara yenye nazo. Bloku inakaa miaka bila friji. Ila msiiache kwenye dashibodi ya gari juani, nta inayeyuka. Na nendeni wiki hii, msisubiri mchango wote utimie. Mwambieni daktari mmekwama wapi, ataanza na zile protini anazozihitaji zaidi.