Ukifika Bodiam, usikimbilie lango

Mara ya kwanza nilipokwenda kuiona ngome ya Bodiam, kusini mwa Uingereza, nilivuka daraja moja kwa moja. Ndani nikakuta nyasi na kuta zilizobomoka, na baada ya nusu saa nilikuwa nimeshatoka, nikijiuliza sifa zote zile ni za nini. Niliporudi mara ya pili nilianza na maji. Nawe nakushauri uanze hapo.

Lizunguke handaki lote, taratibu, na uvae viatu vinavyokamata ardhi maana ukingo una utelezi mvua ikinyesha. Ngome imesimama katikati ya maji, mnara wa duara kila pembe, na kati ya pembe na pembe minara ya mraba. Maji yenyewe yanatoka kwenye chemchemi za papo hapo. Upande wa magharibi, simama kidogo. Daraja la leo limenyooka kutoka kaskazini, lakini la zamani lilianzia huku, likafika kwenye kisiwa kidogo cha pembe nane, kisha likakata kona kwenda langoni. Sasa mfikirie adui anayelipita: ngome yote iko kuliani kwake, na ngao ameishika mkono wa kushoto! Hapo ndipo nilipoanza kuipenda Bodiam.

Sir Edward Dalyngrigge alipata kibali cha kuijenga kwa Mfalme Richard II mwaka 1385, kwa hoja ya kuwazuia Wafaransa, ambao mwaka 1377 walikuwa wameuchoma mji wa Rye, si mbali na hapo. Wasomi bado wanabishana kama ilikuwa ngome ya vita au nyumba ya fahari. Mimi naona bwana huyu alitaka yote mawili. Maji yanaifanya ionekane kubwa kuliko ilivyo. Lakini ukipita langoni inua macho, uyaone matundu darini ya kumshambulia aliyenaswa chini, na lile lango la mbao lililovikwa chuma, la kuteremshwa kutoka juu.

Ndani, tafuta milango mitatu iliyopangana mwisho wa ukumbi. Wa katikati ulielekea jikoni. Kisha tafuta vyoo. Vilikuwa takriban 28, vimejengwa ndani ya unene wa kuta, na vyote vilimwaga kwenye handaki hilihili ambalo wageni wanalipiga picha leo.