Maswali Yenu: Mimi sio muongeaji, naweza kuwa meneja wa HR?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni afisa rasilimali watu (HR), huu mwaka wa tano sasa, kazi yangu kubwa ni mafaili, likizo, mikataba na kukimbizana na watu wajaze fomu. Meneja wetu anaondoka na nimedokezwa nafasi huenda ikawa yangu. Shida mimi sio muongeaji kabisa, nikisimama mbele za watu nameza maneno, na wenzangu wananiambia HR bila mdomo hamna kitu. Nahitaji ujuzi gani hasa ili nisije nikaumbuka?
Msomaji mkimya

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wenzio waache waongee, ndo kipaji chao. Mimi nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi na waongeaji niliowaona wakiharibu ni wengi kuliko wakimya. HR muongeaji akipewa siri saa nne asubuhi, saa saba iko kantini, na watu wakishalijua hilo hawaji tena ofisini kwako, wanakuja siku wameshika barua ya kuacha kazi na wewe ndo unashtuka.

Kwa hiyo la kwanza nusu unayo tayari. Nasema nusu kwa sababu kukaa kimya sio kusikiliza. Mtu anaingia anakwambia naomba kuhamishwa idara, huku ni mbali na nyumbani. Ukimpa fomu hapo hapo umeshamkosa. Fungua faili lake uone, ameajiriwa miaka mitatu na anuani ni ile ile, sasa muulize taratibu imeanza kuwa mbali lini? Utamuona anachezea funguo, anaangalia mlango kama umefungwa vizuri, halafu ndo litatoka lenyewe kwamba msimamizi wake anamtukana mbele ya wenzake. Hiyo ndo kazi yenyewe, fomu ni karatasi tu.

La pili ni kufuata utaratibu hata pale kila mtu ana hasira, na hili nilijifunza kwa kuumia. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi, kuna mfanyakazi alikamatwa na kosa ambalo kwa macho yetu lilikuwa wazi kabisa, bosi akafoka nataka aondoke leo, mimi nikaandika barua ya kumfukuza kabla hata ya chakula cha mchana. Hakupewa barua ya kujieleza wala hakuitwa kwenye kikao cha nidhamu, yaani hata muhtasari wa ukurasa mmoja haukuwepo. Akashtaki na akashinda, sio kwamba hakukosea, ila sisi hatukumsikiliza. Kumbe Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema mtu asiachishwe kazi kwa mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, na hata nchi ambazo hazijauridhia nyingi zina sheria inayofanana na hiyo. Soma sheria ya kazi ya nchi yako uijue kama jina lako, usisubiri wakili akufundishe wakati kesi ishafika.

Halafu hesabu. Najua wengi wetu tulikimbilia HR tukikimbia hesabu (mimi mmojawapo), ila umeneja hauendi bila namba. Mfano mdogo tu, tuseme mwaka umeanza na wafanyakazi 110 ukaisha na 130, wastani ni 120, na walioacha kazi ni 18. Gawa 18 kwa 120 zidisha kwa 100 unapata asilimia 15, hicho ndo kiwango cha watu walioacha kazi mwaka huo. Usiishie hapo, wapange hao 18 kwa idara, ukikuta 11 wametoka chini ya msimamizi mmoja basi tatizo sio mshahara kama kila mtu anavyodai. Excel ya kawaida inatosha, huhitaji programu ya gharama.

Sasa pale ambapo kumeza maneno kutakuumiza kweli ni kwa bosi. Kuna siku ataagiza kitu kisichowezekana kisheria, au atataka mtoto wa rafiki yake aingizwe bila intavyuu, na wewe ndo wa kumwambia hapana. Usimkatalie kikaoni mbele za watu, atakomaa. Mfuate ofisini kwake na karatasi moja, juu umeandika akifanya hivi kampuni itapata hasara gani, chini umeandika njia nyingine mbili. Ukiwa na karatasi hata ulimi ukigoma unasoma tu. Mimi mpaka leo naingia na karatasi.

Mengine utajifunza ukiwa kazini. Kwenye intavyuu waulize wote maswali yale yale na kila msaili aandike maksi zake kabla hamjaanza kujadiliana, la sivyo mwenye cheo kikubwa akisema huyu kijana mzuri basi wote mtasema mzuri. Bajeti mwombe mhasibu akae na wewe siku mbili, hawanaga shida wakiombwa kistaarabu.

SWALI: Habari anti, nina miezi miwili tangu niwe meneja wa HR. Niliokuwa nakula nao mchana sasa nikikaa meza yao wananyamaza. Niachane nao?
Meneja mpweke

JIBU: Nzuri mdogo wangu, pole sana. Wananyamaza kwa sababu sasa unajua mshahara wa kila mmoja na barua za onyo unaandika wewe, sio kwamba wamekuchukia. Kula nao tu, ila mazungumzo yakianza kuelekea kwa bosi au kwa asiyekuwepo mezani, beba sahani yako uondoke bila kununa. Na kama mmoja wao ana kesi ya nidhamu, andika barua mapema kwamba ni rafiki yako na uombe mtu mwingine asimamie kikao, nakala weka kwenye faili. Umuambie na yeye pia kwamba umefanya hivyo, tena kabla hajasikia kwa wengine, maana akisikia kwa wengine atajua umemtupa.