Kabla ya Kugonga Muhuri, Muulizeni Mke

Ile barua niliiandika kwa dakika kumi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 2019, na jamaa alinikuta nyumbani nikinywa chai. Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi hapa Busia, Uganda, mtu wa kuvusha mizigo mpakani na kutembea na pesa taslimu, na majambazi walikuwa wamemvizia mara moja usiku akitoka dukani. Alitaka kuomba kibali cha kumiliki bastola. Ombi kama hilo huanzia huku chini kwetu. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama mimi, anaandika kwamba anamfahamu mtu huyu, ni mkazi wake, hana fujo, kisha karatasi zinapanda kwa polisi wa wilaya hadi makao makuu kule Naguru.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye kiti, tangu Julai 2018 watu waliponichagua kwa kupanga mstari nyuma yangu. Jamaa nilimjua vizuri. Akiitwa kwenye msiba anakuja, michango analipa, madeni hana. Nikaandika "mtu wa tabia njema", nikagonga muhuri.

Mkewe alikuja naye siku hiyo. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilimwambia tu "Hujambo mama," akaitikia akiangalia chini, nami nikaona ni heshima.

Mwaka uliofuata, Aprili, ndipo alipokuja peke yake. Mnakumbuka hali ilivyokuwa wakati wa korona. Taksi zilisimamishwa, boda zilikatazwa kubeba abiria, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Alifika kafyu ikikaribia, akakataa kuketi, akasema: "Mwenyekiti, ile barua uliyomwandikia baba watoto, unaweza kuirudisha?"

Nikamuuliza kama amepigwa. Akasema hajapigwa tangu Februari, mwezi ambao bastola iliingia nyumbani. Sasa mume wakati wa kula anaitoa kiunoni na kuiweka mezani kando ya bakuli la mboga, mdomo wake ukimwelekea yeye. Kisha anaomba chumvi. Hatukani wala hapandishi sauti. Anakula mpaka anamaliza, anaichukua, anakwenda kulala. "Hana haja ya kunipiga tena," akaniambia.

Nikamwambia arudi nyumbani, nitazungumza na mumewe. Kwao ni Tororo, si mbali, lakini siku zile ilihitajika ruhusa ya RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, ili gari likubebe, na kuipata ni kueleza safari yako mbele ya watu ambao mumewe anawajua wote. Alirudi.

Jumapili niliitisha kikao cha usuluhishi barazani kwangu. Wazee watano, mimi, mume na mke, na shangazi yake mke kwenye simu, sauti imefunguliwa ili sote tusikie. Shangazi alisema ng'ombe wa mahari walishaliwa zamani, asitegemewe mtu wa kuwarudisha. (Mahakama ya Juu ilikwisha kusema Agosti 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, lakini pale barazani hakuna aliyelijua hilo, hata mimi.) Mume alikuja na shati nje ya suruali. Alipoinama kukaa, shati likapanda na kitako cha bastola kikaonekana. Tuliiona wote. Mzee mmoja alivuta kiti chake pembeni kidogo. Hakuna aliyefungua kinywa kumwambia aiache nje.

Na mbele ya bastola ile nikamuuliza mama wa watu kama bado ana malalamiko. Akasema, "Yameisha, Mwenyekiti." Nikaandika kwenye daftari: wamepatana.

Wiki ya pili ya Juni alipigwa risasi jikoni kwake, jioni. Wakati huo malori yalikuwa yamejipanga barabarani kusubiri vipimo vya korona, na majirani waliosikia mlio walidhani tairi limepasuka. Ni mtoto wake wa pili aliyekuja kuniita. Alikuwa na umri wa miaka minane.

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 niliisoma yote baada ya mazishi. Inaipa mahakama ya LC uwezo wa kusikiliza na kupatanisha. Lakini sheria hiyohiyo inasema kama mkosaji amerudia kosa, au ninyi wenyewe mnaona anaweza kumdhuru zaidi aliyelalamika, mnatakiwa kuipeleka kesi kwa maandishi kwa polisi na kwa hakimu. Mtu aliyekaa kwenye kikao chetu na silaha kiunoni, tulihitaji tuone nini zaidi? Wenyeviti wenzangu, tafuteni nakala ya sheria hiyo muisome kabla hamjaitwa kwenye baraza kama langu. Na kikao cha kumpatanisha mke na mume anayemtishia kwa bunduki msikiitishe kabisa. Pale mwanamke hawezi kusema ukweli. Atasema yameisha, kwa sababu usiku atalala nyumba ile si yenu.

Polisi waliandikisha kesi 13,693 za ukatili wa majumbani mwaka 2019. Mwaka 2020, tulipofungiwa ndani, zikafika 17,664. Hizo ni zilizofika kituoni. Huyu wa kwangu hakuwa kwenye hesabu mpaka alipokufa, maana lalamiko lake lilikomea kwenye daftari langu.

Najua hoja mbili zitakazoletwa, na zote nimeshaambiwa uso kwa uso.

Ya kwanza ni kwamba mwenye nia ya kuua ataua kwa chochote. Ni kweli kwamba panga linaua. Mwanariadha wetu Rebecca Cheptegei, aliyetuwakilisha kwenye marathoni ya Olimpiki kule Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafariki Eldoret Septemba 5, 2024, tukamzika Bukwo. Hakuna aliyehitaji bunduki kwa hilo. Lakini kaeni mtaani kwangu mhesabu wanawake waliokimbia panga wakaingia kwa jirani, waliopiga kelele mlango ukavunjwa, waliojeruhiwa mkono na leo wanauza sokoni. Risasi haimpi mtu nafasi ya kukimbia, na haimpi jirani nafasi ya kufika. Mtafiti Jacquelyn Campbell na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 2003 kwamba mwanamke anayeteswa na mwenzake, ikiwa mwanamume huyo anaweza kuifikia bunduki, hatari ya kuuawa inaongezeka karibu mara tano. Ni mwanamume yuleyule na hasira ileile.

Hoja ya pili ni kwamba bunduki nyingi Uganda si za watu binafsi, ni za jeshi, polisi na kampuni za ulinzi. Hilo pia ni kweli, na ndiyo sababu nasema leseni iwe ya mtu anayeishika bunduki, isiwe ya chuma peke yake. Mwaka 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa, Rais Museveni alilieleza Bunge kwamba kila bunduki itachukuliwa alama za risasi zake ili ijulikane ipi imefyatuliwa. Ni hatua nzuri kwa upelelezi. Lakini alama hizo zinakuambia bunduki ya nani imeua wakati maiti iko mochari. Kule Karamoja, tangu Julai 2021, operesheni iliyopewa jina la Usalama kwa Wote imekuwa ikikusanya silaha kwa wafugaji, kwa hiyo serikali inaelewa kabisa kwamba bunduki ndani ya boma ni hatari. Naomba ielewe hivyohivyo kuhusu bunduki kando ya bakuli la mboga.

Sheria yetu ya Silaha, ya mwaka 1970, inataka mwenye bunduki awe na cheti. Ninachodai ni nani aulizwe kabla ya cheti kutoka. Mimi niliulizwa, na sikujua chochote. Aliyejua alikuwa amesimama mlangoni.

Kanada wanafanya hivi: anayeomba leseni ya bunduki anatakiwa kumtaja mke au mwenzi wake, pamoja na yule aliyeachana naye ndani ya miaka miwili iliyopita, nao wanaweka saini. Asiyeweka saini, maofisa wanalazimika kumjulisha kwamba ombi limeletwa, naye ana nafasi ya kusema hofu yake. Sheria hiyo ya 1995 ilidaiwa kwa miaka na wanawake na jamaa za marehemu, baada ya mtu mwenye bunduki kuwaua wanawake 14 kwenye chuo cha uhandisi Montreal, Desemba 6, 1989. Afrika Kusini nao walipitisha sheria ya kudhibiti silaha mwaka 2000. Mwaka 1999 kule mwanamke mmoja alikuwa akiuawa na mwenzi wake kila saa sita. Utafiti uliorudiwa kwa mwaka 2009 ulikuta ni kila saa nane, na vifo vya risasi ndivyo vilivyopungua. Kila saa nane bado ni msiba mkubwa. Lakini kati ya sita na nane kuna wanawake wengi walio hai.

Sasa niseme na wewe dada unayeishi na mwanamume mwenye silaha. Usimwambie kwamba unaondoka. Usimtishie kwa kuondoka hata mkiwa mnagombana, kwa sababu wakati wa kuachana ndio wakati wa hatari kuliko wote. Kama ni askari wa kampuni ya ulinzi, ondoka akiwa zamu. Usijaribu kuificha bunduki wala kuishika. Ukifika polisi, nenda dawati la ulinzi wa mtoto na familia, na maneno "ana bunduki" yawe ya kwanza kutoka kinywani mwako. Usianze na historia ya ndoa. Hakikisha yameandikwa, na uondoke na namba ya kesi. Kama amewahi kukukaba koo au kusema atakuua, hayo pia yaandikwe, hata kama unaona ni ya zamani. Kwa hakimu unaweza kuomba amri ya ulinzi. Mwambie waziwazi unataka silaha itoke mikononi mwake. Namba ya simu 116, ile ya msaada iitwayo Sauti, haina malipo.

Na kama mwenye bunduki ni mume wa binti yenu, nyinyi mashangazi, mpokeeni binti kwanza. Habari za ng'ombe zitazungumzwa akiwa hai.

Kampuni za ulinzi nazo: askari akimaliza zamu, bunduki ibaki ghalani. Mke akija getini kulalamika, asifukuzwe kwamba ni mambo ya nyumbani. Mwondoleeni askari silaha kwanza, uchunguzi ufuate.

Mwaka jana kijana mmoja mwenye duka la kubadilisha fedha alikuja kwangu na ombi kama lile. Nikamwambia nitaandika, ila kwanza nitakwenda kuzungumza na mkewe, sokoni kwake anakouza mukene, wale dagaa wa ziwani, yeye mume asiwepo. Akaniuliza mke anahusika vipi na usalama wa pesa zake. Nikamjibu kwamba bastola italala chumbani kwake huyo mama. Alizikunja karatasi zake, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Hajarudi. Kesho yake nilikwenda sokoni vilevile, nikanunua mukene wa elfu mbili, nikamwachia mama namba yangu ya simu na ile ya 116 kwenye kikaratasi. Alikitazama kidogo, akakikunja mara tatu, akakitia ndani ya fundo la leso anamoweka pesa zake.