Jumla moja, wanafunzi watatu

Swali: Mwalimu, naandika memwari (tasnifu ya kumaliza chuo) ya saikolojia hapa Lubumbashi kuhusu motisha ya masomo na kujitimiza kwa wanafunzi, yaani mtu kufikia kilele cha uwezo wake. Nimetumia hojaji ya motisha ya mwanasaikolojia Vallerand, nikajumlisha alama za kila mtu. Mbona jumla haiendani kabisa na alama za kujitimiza?

Jibu: Mdogo wangu, hojaji ni nzuri, ila haijumlishwi hivyo. Vallerand na wenzake waliitoa Quebec, Kanada, mwaka 1989, kwa Kifaransa, kwa hiyo hukuhitaji kuitafsiri. Ina sentensi 28 katika makundi 7 ya sentensi nne nne, na kila sentensi hupewa alama 1 hadi 7. Makundi matatu hupima hamu ya ndani, matatu msukumo wa nje, na la saba hupima kukosa motisha: mtu haoni tena anakwenda chuoni kufanya nini. Ukijumlisha yote, aliyekata tamaa unamwongezea alama kwa kukata tamaa kwake.

Chukua kalamu, tuseme una wanafunzi watatu. Wa kwanza ameweka 4 kila mahali: 112. Wa pili ameweka 7 kwenye sentensi 12 za hamu ya ndani, 4 kwenye kundi moja la nje, 1 kwingine kote: 112. Wa tatu amegeuza, 1 kwenye hamu ya ndani, 4 kwenye kundi lile lile, 7 kwingine: 112 tena! Huyu wa tatu ndiye angepaswa kukunyima usingizi, na jumla imemficha. Tafuta wastani wa kila kundi, kisha linganisha kundi kwa kundi na kujitimiza.

Kuhusu kujitimiza kwenyewe, usitegemee alama za juu sana. Mwanasaikolojia Maslow, akitafuta watu waliojitimiza, alichuja wanafunzi 3,000 wa chuo akapata mmoja tu wa kufaa papo hapo, na wengine dazeni moja au mbili waliokuwa wakikua vizuri. Basi uliza kama wanakua, usiulize kama wamefika.

Jambo moja hojaji hailishiki vizuri. Niliwahi kukaa na kijana aliyekuwa akiijaza, kalamu ikasimama. Akaniambia, “Mama anauza unga soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ili nilipe minervali, ada ya chuo. Hilo niliweke wapi?” Hakukuwa na sentensi yake. Nakusihi, acha mistari mitupu chini ya karatasi, waandike sababu zao kwa Kiswahili chao.